Lesi ya Madebe

"Lesi yako imeanguka," Salma aliniambia kwenye simu, bila salamu wala hujambo, kisha akaangua kicheko. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikamuuliza kama imemwangukia mtu. "Imeangukia baiskeli ya muuza mikate. Mwenyewe mzima, kengele ndo iliyokufa." Sikujua hata kama Salma karudi Unguja. Tangu ahamie Maskati kwa mwanawe tulikuwa watu wa kutumiana picha za wajukuu na dua za Ijumaa, na sasa huyo, ananipigia kutoka nyumba ile ile, roshani ile ile, kunipa habari za kipande cha bati nilichokichora nikiwa na miaka kumi na tisa. Nazi nikaiacha nusu, baibui nikalivaa ndani nje, na njia nzima kutoka Mwanakwerekwe nilikuwa kama mtu anayekwenda kusomewa matokeo ya mtihani.

Asiyeujua Mji Mkongwe hupiga picha milango, akaenda zake. Mlango uko mbele ya macho, hauchoshi shingo. Sisi wengine tunajulikana kwa kutembea tumetazama juu mpaka tukagongana na wapita njia. Chini ya ukingo wa paa la roshani, pale maji ya mvua yanapotiririkia, hutundikwa ukanda wa bati uliotobolewa maua na nyota na majani, na ncha zake za chini zimekatwa kama pindo la kitambaa. Sisi tuliuita lesi. Salma alinipokea mlangoni amekipakata kipande chenyewe ndani ya kanga, utadhani katoka nacho hospitali ya wazazi. Tukakumbatiana huku bati likitukwaruza sote wawili. Upande mmoja ulikuwa na rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka. Upande wa pili, ule uliotazama ndani ya roshani miaka yote, bado ulikuwa na picha ya mnazi mwekundu iliyofifia na herufi chache za jina la mafuta ya kupikia. Nililia. Halafu nikacheka, maana mnazi wenyewe ulikuwa kichwa chini, vile vile tulivyoutundika.

Roshanini kijana fundi aliyeitwa kuitengeneza, Idrisa, alikuwa kasimama juu ya kiti akipima. Wanaosimamia majumba ya zamani wamesema lesi irudishwe kama ilivyokuwa. "Na ilivyokuwa ni vipi, mama?" aliniuliza baada ya shikamoo. "Nusu imeliwa na kutu, nusu imejikunja juu ya baiskeli. Picha za watalii zote za mlango." Salma akaninyooshea kidole. "Huyo hapo. Muulize yeye, ndo aloichora." Wallahi nilisikia raha mpaka nikaona haya. Nikaomba kwanza niletewe kiti na kikombe cha chai, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa refu kuliko alivyodhani.

Mwaka ule kule kwetu Makunduchi kila mwanamke alikuwa akiingia baharini kupanda mwani. Mama alikuwa na kamba zake na vigingi vyake, na mahali pangu kando yake palikuwa tayari. Mimi nilitaka mjini. Tukapatana kwamba nipewe mwaka mmoja: nikipata kazi ya kueleweka, yenye mahali pake pa kukaa na watu wanaonitegemea, nitabaki, nisipopata, ikisha harusi ya Salma nirudi nikashike kamba. Bi Moza, mama yake Salma, alinipa chumba cha nyuma katika nyumba hii, chenye dirisha lililotazama jikoni, na kwa dirisha hilo nilisikia yote yaliyosemwa kuhusu mtaa mzima na kuhusu mimi. Riziki yangu ilikuwa kuwachora maharusi maua ya piko mikononi. Nilikuwa hodari, nasema mwenyewe, na mikono niliyoichora ilisifiwa mpaka Malindi. Lakini mama hakukubali kuiita kazi. "Kazi gani hiyo inayoondoka kwa sabuni?" aliniuliza siku aliponisindikiza hadi kwenye gari. Neno lile nililibeba mwaka mzima.

Mambo yalianza asubuhi moja hapa hapa roshanini. Salma alikuwa kanyoosha mkono juu ya mto, mimi namjaribishia michoro ya harusi, sinia la visheti liko katikati yetu. Nje, juu ya ngazi, alikuwapo Fundi Kanji wa Mlandege, aliyekuja kuitazama lesi ya zamani ambayo Bi Moza alitaka itengenezwe kabla wageni hawajafika. Alikuwa Mhindi mfupi, mzaliwa wa mji huu huu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Akaigusa lesi kwa kidole kimoja tu. Ikamwagika yote juu ya visheti vyetu, kutu tupu, kama ugoro. "Basi ifanye kama ilivyokuwa," Bi Moza akasema. "Sampuli zake zililiwa na mchwa zamani, bibi. Nani anakumbuka ilivyokuwa?" Hakuna aliyekumbuka. Watu walikuwa wamepita chini yake maisha yao yote, hata mwenye nyumba hakuweza kusema kama maua yake yalikuwa na majani manne au matano. Bi Moza akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye mkono wa bintiye. "Basi nataka hiyo." "Ipi, bibi?" "Hiyo ya mkononi." Fundi Kanji akashuka vidato viwili, akaivuta miwani mpaka ncha ya pua, akauchungulia mkono kwa mbali, kwa heshima, kupitia nguzo za roshani. Kisha akaniuliza mimi, si Bi Moza, "Unaweza kuchora juu ya bati?" Nikamwambia naweza. Bati nilikuwa nalijua la paa tu, tena linapovuja.

Kiwanda chake kilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa. Mbele alitengeneza ndoo, mifereji ya paa na vibatari. Nyuma, mlango ukiwa wazi daima, ndiko jikoni kwa mkewe, Bi Jaya, na harufu ya lihamu ya kuungia bati ilikutana na harufu ya bizari katikati ya chumba. Nilikipenda tangu siku ya kwanza. Nilipenda kelele zake, nilipenda vipande vya bati vilivyong'aa sakafuni, nilipenda gogo la mfenesi lililojaa makovu, ambalo juu yake bati hulazwa likatobolewa kwa tindo na nyundo. Saa ya chakula gogo lile lile hufutwa, Bi Jaya akaleta chapati nyembamba zilizopakwa samli, dengu, na achari ya ndimu ya kukufumba jicho, tukala tumelizunguka. Wao wawili walizungumza Kikachi, lugha ya wazee wao. Wakitaka kunisema nisijue, walinisema kwa Kikachi. Wakitaka kunisema nisikie, waligeuza Kiswahili. "Huyu mtoto anachora kama anagombana na mtu," Bi Jaya alimwambia mumewe, akinitilia dengu nyingine. "Anagombana na mamake," akajibu Fundi Kanji. Nilikuwa nimemweleza habari ya sabuni. Alicheka sana siku ile, halafu akaniambia kwamba mchoro huu ukitundikwa na ukapendeza, nusu ya gogo ni yangu, kwa sababu wateja wa lesi bado wapo ila wachoraji ndio hawapo. Nilirudi kwa Bi Moza nikikimbia. Nilimwambia Salma, nikamwambia Bi Moza, nikamwambia hata muuza maji.

Nilichora kwa ujiti wa chelewa, ule ule wa piko, nikiuchovya katika rangi nyeusi. Fundi Kanji alinifundisha kushika tindo, kuisimamisha wima, kupiga pigo moja la uhakika badala ya matano ya woga. Kisha ikaja sikukuu yao ya taa, wageni wakajaa ghorofani kwake, naye akaniachia mabati bapa mazito aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya kazi hii. "Chora tu," alisema. "Kukata tutakata pamoja." Lakini mchoro ulitoka mzuri! Ulitoka mzuri mpaka nikasikia vidole vinawasha. Ua langu la fahari lilikuwa duara, ndani ya duara majani manane, ndani ya majani duara jingine, kama kiganja cha bibi harusi kinavyotaka. Nikashika tindo nikaufuata kila mstari, mzunguko mzima, bila kuruka hata mmoja, na nikamaliza mabati yote huku juu wanaimba. Fundi Kanji aliposhuka na sahani ya ladu, nikaliinua bati la kwanza kumwonesha. Likaanza kudondoka. Ua zima likaanguka sakafuni, ting, kisha la pili, kisha yote kwa pamoja. Mkononi nikabaki na bati lenye matundu ya mviringo, chujio kubwa lisilo na maana, na bati la pili likafanya hivyo hivyo, na la tatu.

Kwenye mkono, mstari ninaouchora ndio unaobaki. Kwenye bati, ninaouchora ndio unaoondoka, na ukiufunga duara, kila kilichomo ndani kinaondoka nao. Hakuna fundi bati ambaye angefanya kosa lile. Lilikuwa kosa la mchora piko. Fundi Kanji aliweka sahani chini, akaokota ua moja, akaligeuzageuza. Nilingojea matusi. Akasema, "Zuri. Sasa niambie, hili ua lilikuwa limeshikwa na nini?" Bi Jaya akaja na sinia, akayaokota maua yote akacheka mpaka akakaa chini, akanilisha ladu kwa mkono wake kwa vile nilikuwa nalia. Lakini mabati yale ndiyo yaliyokuwapo. Madukani bati bapa lilikuwa halipatikani, na harusi ilikuwa inakaribia.

Jioni ile, kitandani kwangu, nilisikia kupitia dirisha. "Mamake kaleta salamu," Bi Moza alikuwa akimwambia jirani huku anachambua mchele. "Kamba zishafungwa, anamngojea. Nami namuonea imani, mtoto huyu. Tangu anakwenda Mlandege nnamsikia anaimba akifua." "Na lesi?" jirani akauliza. "Ukingo utakaa mtupu. Watu watakuja kula biriani, hawatakuja kutazama paa." Nikakaa kitako. Ukingo mtupu! Niliwaza bahari, maji ya kiunoni, jua la utosini, na mama kando yangu hana la kusema kwa sababu alishalisema. Sikuwa na ugomvi na mwani. Wenzangu waliutumia kujengea nyumba. Ila nilikuwa nimeonja kitu ambacho sikutaka kukitema.

Asubuhi nikatoka nikatazama juu. Nilizunguka vichochoro vyote ninavyovijua na nisivyovijua, shingo imepinda, nikikanyaga watu miguu, nikimwomba radhi hata nisiyemkosea, nikiitwa mwendawazimu na watoto wa chuo cha Kurani. Na lesi zote zilizosalia mjini zilinijibu swali la Fundi Kanji. Kila ua lilikuwa na kikonyo kilichobakizwa, hapa na hapa na hapa, kipande chembamba cha bati kisichokatwa kinacholiunganisha na jirani yake. Hakuna kilichoning'inia peke yake. Nilirudi mbio, nikamvuta Salma roshanini, nikamchora mkono upya, na safari hii sikuutazama wino. Nilitazama ngozi iliyobaki kati ya mistari, nikahakikisha kwamba mtu angeweza kutembea kwa kidole juu ya ngozi tupu kutoka kwenye kifundo mpaka ncha ya kila kidole bila kukanyaga wino. "Unafanya nini?" Salma akauliza. "Nnakutafutia njia," nikamwambia. Akadhani nimeugua.

Bati lilikuwa jikoni muda wote. Madebe ya mafuta ya biriani ya harusi yalikuwa yanakuja, na mtaa mzima ulikuwa na madebe matupu ya kuchotea maji na kupandia mirehani. Fundi Kanji alikataa. "Debe ni la kibatari, binti. Lesi ya debe italiwa na kutu bibi harusi hajapata mtoto wa kwanza." Nikamwambia itapakwa rangi kila mwaka. "Na nani?" Salma, aliyekuwa kanifuata kiwandani amejifunika mpaka macho, akasema, "Nami. Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani." Bi Jaya akasema neno moja la Kikachi, na Fundi Kanji akanyoosha mkono kuchukua mkasi. Siku zile sijui nizieleze vipi! Wanawake walikuja Mlandege na madebe kichwani, mpaka wengine nisiowajua. Tuliyapasua, tuliyasugua kwa jivu, tuliyanyoosha kwa nyundo ya mbao, na mikono yangu ilijaa mikwaruzo ambayo hakuna bibi harusi angekubali kushikwa nayo. Nilichora, nikapitisha kidole kutafuta njia, ndipo tukakata, yeye upande wake wa gogo na mimi upande wangu. Nilipoinua bati la kwanza nilifumba macho. Nilingoja ile ting. Haikuja. Nilipofumbua, Fundi Kanji alikuwa amelala sakafuni chali, bati liko juu ya uso wake, analitazama kama linavyopaswa kutazamwa, na mwanga umemchora maua mashavuni.

Upande wa nje tuliupaka kijani. Upande wa ndani Salma alitaka uachwe na picha zake za minazi, tukaupaka vanishi tu. Ikatundikwa asubuhi ya mkesha wa harusi, na alasiri mama akafika kutoka Makunduchi na kapu la mihogo na samaki wa kukaanga. Nilimwona kutoka juu. Alikuwa kasimama kichochoroni anauliza watu nyumba ya Bi Moza, na jua lilikuwa limeteremka hadi mahali pale ambapo, kwa muda mfupi tu, hupenya chini ya paa. Lesi yote ikamwagika ukutani mbele yake, maua makubwa kuliko niliyoyachora, yakashuka mpaka kwenye kanga yake na kapu lake. Nikateremka ngazi naruka. Nilipomfikia nilisahau hata shikamoo. "Mimi huyo," nikamwambia, nikionesha juu. "Mimi ndo nilochora."

Mama alitazama juu muda mrefu. Kisha akaweka kapu chini, akanyoosha kiganja chake, kile kilichokauka kwa chumvi, akakiweka penye jua. Ua moja likatua katikati yake, zima, na vikonyo vyake. Akalisugua kwa kidole gumba. Akasugua tena, kwa nguvu, kama anavyosugua sufuria, na ua likakaa pale pale. Akanitazama.

"Basi kaa," akasema.

Nilikaa. Nilikuwa na nusu yangu ya gogo mpaka Fundi Kanji alipozeeka akalala nyumbani, na baada yake nikawa nalo zima mpaka kiwanda kilipogeuka duka la simu. Lesi nyingine nilizochora zilitoka kwenye bati zito, na nyingi zimetangulia kuanguka kabla ya hii ya madebe, ambayo kila Shaaban, na Salma akiwapo, na mtu wake yeye asipokuwapo, ilipakwa rangi. Sikumweleza Idrisa yote haya. Nilimweleza ya kutosha mpaka chai yake ikapoa, na nilipomaliza akaniuliza, kwa upole, kama mchoro wenyewe bado ninao kichwani. Nikajaribu juu ya karatasi. Haukuja. Nikajaribu tena, ukaja wa nyumba nyingine. Nilianza kuogopa, kwa kuwa hakuna kwingine ulikobaki. Salma akachukua kalamu ya wino ya mjukuu wake, akanipa, akaketi, akalaza mkono wake juu ya mto. Mkono una makunyanzi siku hizi, na mishipa imepanda juu. Nikaushika, na kidole changu kikaijua njia tangu kwenye kifundo. Kila ua likaja na kikonyo chake, hapa na hapa na hapa, hata lile la pembeni nililolikosea kidogo mwaka ule nililikosea vile vile. "Ehe," Salma alikuwa akisema kila nilipomaliza moja, kama anapokea watu mlangoni. "Ehe. Na huyu."

Idrisa akaunakili mkono juu ya bati jipya, amepiga magoti mbele yake, ulimi nje, akihakikisha kwangu kila mstari: huu unaondoka, huu unabaki. Ikaadhiniwa Alasiri. Salma akanyanyuka kwenda kutawadha, nami nikamsikia bafuni anafungua bomba, wino wote unakwenda na maji. Roshanini, nyundo ya Idrisa ilikuwa ishaanza kugonga.